Walio Chini ya Paa la Maji

Msikilizaji uliye Sigalame, Funyula na Sio Port, nawe uliye sokoni Busia au kwenye foleni ya malori pale Malaba, leo tuzungumzie watu wanaoingia ndani ya mapango yaliyojaa maji wakiwa na mitungi ya hewa, wakatoka salama. Ni wachache duniani, na katika Afrika Mashariki kazi hiyo haina jina wala chuo. Wengi wetu tukisikia habari zao huuliza mtu mwenye akili timamu anakwenda kutafuta nini mle. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo linatupotezea jambo la maana. Ujuzi wa mpiga mbizi wa mapangoni ndio uliokosekana katika baadhi ya misiba mikubwa kabisa ya Ziwa Victoria, na kaunti zinazopakana na ziwa hili, Busia ikiwemo, zinapaswa kuwafundisha vijana wachache wa ufuoni ujuzi huo na kuwalipa mshahara kwa ajili yake.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Anayepiga mbizi mahali palipo wazi, hata akipatwa na shida, ana njia juu ya kichwa chake. Akipanda taratibu atafikia hewa. Aliye pangoni juu yake pana mwamba. Akigundua kwamba mtungi unakaribia kwisha naye ameingia mita 300, lazima azirudi mita hizo zote ndipo aanze kufikiria kupanda. Taa ikizimika, hakuna hata mwanga wa nyota. Mguu ukigusa sakafu, tope laini hutimka, na kwa dakika nyingi mtu haoni mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu wengi waliofia mapangoni walikuwa waogeleaji hodari, wengine walimu wa kupiga mbizi, waliodhani ujuzi wa maji ya wazi unatosha. Aliyelichunguza jambo hili kwa makini sana ni Sheck Exley, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari huko Florida. Alizikusanya habari za ajali, akazisoma moja moja akitafuta kilichoua, na mwaka 1979 akatoa kijitabu cha kanuni za kunusurika. Aligundua kwamba wauaji ni walewale: watu waliingia bila kamba iliyonyooshwa kutoka mlangoni, au hawakuipigia hewa hesabu, au walishuka kina kisichowafaa. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo zikapatikana sheria zinazofuatwa hadi leo. Kamba haikatiki kutoka mlangoni hadi mkononi. Theluthi moja ya hewa ni ya kuingilia, theluthi ya pili ni ya kutokea, na theluthi ya tatu haiguswi, ni akiba yako au ya mwenzako. Kila mtu hubeba taa tatu. Asiyefundishwa haingii. Exley mwenyewe alipiga mbizi mapangoni zaidi ya mara 4,000, kisha akafia Zacatón nchini Mexico mnamo Aprili 1994, akijaribu kushuka zaidi ya mita 300. Kifo chake hakikuzifuta sheria alizoziandika, bali kilionyesha kwamba hata aliyeziandika ana kikomo.

Tazama sasa ujuzi huo ulivyofanya kazi. Mnamo Juni 2018 watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Serikali ilipeleka makomando wa jeshi la majini, vijana wenye nguvu, nidhamu na ujasiri usio na shaka. Lakini mafunzo yao yalikuwa ya bahari, na ndani ya pango maji yalikuwa matope yenye mkondo mkali katika njia nyembamba. Waliowapata watoto, tarehe 2 Julai, ni Waingereza wawili wa makamo: Rick Stanton, mzimamoto mstaafu, na John Volanthen, mtaalamu wa kompyuta. Hakuna aliyewalipa mshahara wa kupiga mbizi. Walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, wikendi baada ya wikendi, kwa miaka mingi. Siku nne baadaye Saman Kunan, komando wa zamani aliyejitolea kupeleka mitungi ya hewa ndani, alipoteza fahamu njiani akirudi, akafariki. Kati ya tarehe 8 na 10 Julai watu wote 13 walitolewa wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa, chini ya usimamizi wa Richard Harris, daktari wa usingizi kutoka Australia ambaye naye ni mpiga mbizi wa mapangoni. Sisemi kwamba wanajeshi hawakuwa na kazi. Bila wao na maelfu ya wengine waliopiga pampu na kubeba mizigo, hakuna aliyetoka. Ninachosema ni kwamba ujasiri haukuweza kujaza nafasi ya ujuzi mahususi.

Miezi miwili na siku chache tangu shangwe hiyo ya Tham Luang, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, katika Ziwa Victoria hilihili tunalolivua. Kivuko kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Giza lilipoingia siku ile ya kwanza, uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi. Tarehe 22 wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko, Alphonce Charahani, akiwa hai, kwa kuwa alikuwa amepata sehemu yenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Fikiri maana yake, msikilizaji. Chombo kilichopinduka ni chumba kilichojaa maji, chenye paa la chuma, giza, milango iliyogeuka, na huku na kule mifuko midogo ya hewa. Kwa mpiga mbizi, hilo ni pango. Miaka mitano kabla ya hapo, Mei 2013, katika pwani ya Nigeria, mpishi Harrison Okene alikaa takriban saa 60 ndani ya meli iliyozama kwenye kina cha mita kama 30, akipumua hewa iliyobaki chumbani. Waliomkuta walikuwa wameingia kutafuta maiti. Kwa sababu walikuwa watu wa kazi hiyo, walijua kwamba wakimpandisha moja kwa moja atakufa mikononi mwao, wakamtia kwanza kwenye chemba ya kupunguza mgandamizo. Baadaye Okene mwenyewe alisomea kupiga mbizi, akaifanya kazi yake.

Linganisha na MV Bukoba. Meli ile ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, katika maji ya mita kama 25 tu, ikaua mamia ya watu. Kwa muda sehemu ya chini ilibaki ikielea juu ya maji. Taarifa za wakati ule zinaeleza kwamba waokoaji walitoboa chuma ili kuwafikia waliokuwa ndani, hewa ikatoka kwenye tundu, na meli ikazama. Sitawalaumu waliofanya hivyo. Walikuwa wakihangaika kuokoa binadamu wenzao kwa vifaa walivyokuwa navyo. Lakini anayejua kazi ya mapango anajua jambo moja kabla ya mengine yote: hewa iliyonaswa ndiyo inayomweka hai aliyenaswa, haitobolewi, mtu huingia kutoka chini, kwa kamba, na hewa ya akiba. Ujuzi huo haukuwepo Mwanza asubuhi ile. Uliletwa baadaye kutoka Afrika Kusini, na kufikia hapo kazi iliyosalia ilikuwa ya kutoa miili. Zanzibar nayo, meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, iliwaita wapiga mbizi wa Afrika Kusini. Likoni, Mombasa, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri mwaka 2019, Waafrika Kusini walikuja tena. Bara letu lina wataalamu, lakini wako safari ya ndege kutoka kwetu, na aliye ndani ya mfuko wa hewa huwa anahesabu saa.

Mtu atasema: Busia haina mapango ya maji. Ni kweli. Mapango tunayoyajua upande huu, kama Kitum la Mlima Elgon ambamo ndovu huingia kulamba chumvi, ni makavu. Lakini paa la maji halihitaji mwamba. Mashua iliyopinduka ikiwa na injini, nyavu na abiria chini yake ni paa. Gari lililotumbukia mtoni ni paa. Zulia la gugumaji linaloziba ufuo mzima, likasogea na upepo likamfunika aliyekuwa anaogelea, ni paa. Kwa majirani zetu wa Siaya na Kakamega, mashimo ya wachimba dhahabu hujaa maji yakawa mapango hasa, yenye njia nyembamba zinazojipinda gizani. Tena maji yetu yenyewe yana tabia ya pango. Mahali Nzoia inapomwaga udongo wake ziwani huko Bunyala, hata mchana wa jua kali mtu akishuka mita chache haoni kitu. Humo mna nyavu zilizopotea, zisizoonekana, zinazoshika mtungi, mguu na kidole. Kufanya kazi bila kuona, kwa kuifuata kamba kwa vidole, huku kisu kikiwa mahali ambapo mkono wowote unaweza kukifikia, ndicho hasa kinachofundishwa mapangoni. Aliyejifunza katika maji maangavu ya Watamu, mahali anapowaona samaki kwa mbali, hajafundishwa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa tulitafakari polepole, kwa kuwa halionekani kwa macho. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni nyingi. Mtu akishuka, mgandamizo wa maji huisukuma naitrojeni hiyo ndani ya damu na nyama za mwili. Akikaa chini muda mrefu kisha akapanda haraka, gesi hiyo hutoka kwa viputo ndani ya viungo, uti wa mgongo au ubongo. Huumiza, hupooza, na wakati mwingine huua. Kwa hiyo wapiga mbizi hufuata majedwali yanayowaambia wakae chini kwa muda gani na wasimame wapi wanapopanda. Majedwali ya kawaida yamepigiwa hesabu ya usawa wa bahari, lakini uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya nane. Mwili unaotoka chini ya ziwa unaingia kwenye hewa nyepesi kuliko ya Mombasa, na viputo hutokea kwa urahisi zaidi. Basi hata mpiga mbizi bora wa Jeshi la Wanamaji akiletwa Sio Port usiku, lazima abadilishe hesabu zake kabla ya kuingia majini. Na akiumia? Chemba ya kutibu maradhi hayo inayotegemewa na wapiga mbizi wa Kenya iko Mombasa, kwa Wanamaji, yapata kilomita 900 kwa barabara kutoka hapa. Barabara hiyo ikipitia Mau Summit hupanda zaidi ya mita 2,400, na kila mita anayopandishwa mgonjwa huyo humzidishia maumivu. Ndege isiyoweza kuruka chini sana nayo humdhuru vivyo hivyo. Kwa hiyo, leo hii, kumtuma kijana wetu chini ya mita 30 za ziwa ni kumtuma mahali ambapo akiumia hatuna pa kumpeleka kwa wakati. Hilo pekee linatosha kudai chemba iwekwe Kisumu, ambako kaunti zote za ziwa zinaweza kuifikia bila kupanda mlima.

Likoni ilitufundisha kuhusu kina. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likiwa na mama na binti yake. Lilipatikana kwenye kina cha mita 58 na kutolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya 13. Wananchi walikasirika, na hasira yao ninaielewa. Lakini wapiga mbizi wa starehe huishia mita 40. Chini ya hapo huhitajika gesi zilizochanganywa na heliamu ili akili isilewe, mitungi ya ziada, vituo vya kupumzika wakati wa kupanda, na watu wa juu wanaojua wanachofanya. Ziwa Victoria lina sehemu zinazofikia mita 80. Kina hicho hakiwezi kuingiwa na mtu aliyefunzwa baada ya ajali kutokea.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wavuvi wenyewe: sisi ndio tunaolijua ziwa, na kila mtu akizama sisi ndio tunaoitwa. Wanasema kweli, na hakuna mpango wowote utakaofaa bila wao. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alieleza kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na watu 24 kati ya 43 wakapona. Marubani walinaswa mbele, ndani ya chumba chao, na hapo juhudi za kijana huyo zikagonga ukuta, yeye mwenyewe akaumia hadi kupoteza fahamu. Pumzi ya mwanadamu ina mwisho. Afrika Mashariki inalijua hilo kwa uchungu: katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu walizamishwa Ghuba ya Uajemi kutafuta lulu, wakiwa na kibano puani na jiwe mguuni, na juu mashuani mwenzao ameshika kamba ya kuwavuta. Walizama tena na tena mchana kutwa, na malipo yakaenda kwa bwana. Ustadi wao ulikuwa mkubwa. Ulichokosa ni haki. Nasi tunapomwambia mvuvi wa Bunyala aingie chini bure, bila mtungi, bila bima, bila hata chakula cha siku alizopoteza kazi yake, tunamkosea haki pia. Serikali ya Tanzania ilifanya jambo la kuigwa: baada ya ajali hiyo ya ndege iliagiza Majaliwa aajiriwe na kufunzwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hiyo ndiyo njia, ila isingoje ndege ianguke.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha zote ziende kwenye jaketi za kuokolea maisha, ukaguzi wa mashua na utabiri wa hali ya hewa. Nakubaliana nao kuliko wanavyofikiri. Jaketi moja la mtoto anayevuka kwenda shule huokoa zaidi ya mpiga mbizi yeyote, na kama kaunti ina shilingi za jambo moja tu, zinunue jaketi. Lakini hatujawahi kuambiwa tuchague kati ya kuzuia moto na kuwa na zimamoto. Isitoshe, mpiga mbizi aliyeajiriwa hakai akingoja maafa. Yeye ndiye atakayekagua mashua ufuoni, atakayefundisha watoto kuogelea, atakayeondoa nyavu zilizopotea zinazoendelea kuua mbuta na ngege bila mwenyewe.

La mwisho ni gumu, nalo linahusu maiti. Kwa Wasamia, Wabanyala, Waluo na Wateso, mwili hauachwi majini. Lazima urudi boma, uzikwe kwa heshima. Shinikizo hilo humwangukia anayepiga mbizi. Mwaka 2005 huko Boesmansgat, Afrika Kusini, rubani Mwaustralia Dave Shaw alishuka mita 270 kuufuata mwili wa kijana Deon Dreyer, aliyefia humo Desemba 1994. Shaw alikuwa miongoni mwa wapiga mbizi bora duniani. Kamba ilimnasa akiwa kazini, akafa tarehe 8 Januari, na mwenzake Don Shirley akanusurika kwa tabu akiwa na madhara ya kudumu sikioni. Siku chache baadaye miili yote miwili ikapanda yenyewe na kamba. Wazazi wa Dreyer wakamzika mtoto wao, na familia ya Shaw ikampoteza baba. Nasema hili kwa heshima zote kwa wazee wetu: mpiga mbizi lazima awe na mamlaka ya kusema hapana, na familia, chifu na mbunge waliosimama ufuoni wamsikilize. Mamlaka hayo hupewa mtu wa kazi anayejulikana. Kijana wa kujitolea, umati ukiwa umemzunguka unalia, hawezi kukataa.

Huduma ya Walinzi wa Pwani iliundwa kwa sheria mwaka 2018, na maziwa yamo katika majukumu yake. Kwa hiyo hatuhitaji chombo kipya. Tunahitaji watu wachache kutoka kila kaunti ya ziwa, waliochaguliwa na kamati za usimamizi wa ufuo, wafunzwe kwa miaka, si kwa wiki, hadi kiwango cha kuingia chini ya paa. Mitungi na pampu ya kujazia vikae Sio Port au Port Victoria wala visifungiwe ofisini Busia. Na kuwe na makubaliano na Uganda ili mashua ikizama kati yetu na Majanji, mpiga mbizi asisubiri kibali cha kuvuka mpaka ambao chini ya maji haupo. Gharama si ndogo. Lakini kaunti hupanga bajeti kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla ya kupitishwa. Siku ya mkutano huo itakapotangazwa katika wadi yako, msikilizaji, nenda, nyoosha mkono, na uulize kwa jina: wapiga mbizi wetu ni nani, wanalipwa nini, na wakiumia watatibiwa wapi.